Nusu ya Sahani ya Mwende

Kila nikienda arusi au matanga, huwa nasimama karibu na jiko la nje, lile la mawe matatu makubwa na sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Wanawake wakifunua kifuniko na mvuke wa mahindi na maharagwe ukipanda, mimi hufumba macho na kuuacha unipige usoni. Wenzangu wa kanisani hunitania, eti Kanini hawezi kungoja hata maombi yaishe. Nawaacha waseme, na umbo langu lenyewe haliwezi kuwabishia. Lakini ninyi nitawaambia ukweli, kwa kuwa hamtakuja kunicheka Jumapili. Harufu ile hainitii njaa hata kidogo. Hunirudisha Kilungu, mwezi wa Agosti, nikiwa na miaka saba, na dada yangu Mwende akiwa hai.

Kwetu ni chini kwenye tambarare, upande wa Emali, kwenye migunga na udongo mwekundu unaoingia mpaka kwenye uji. Mwaka ule mvua ilikuwa imetukataa kabisa. Wakubwa waliipa njaa hiyo jina, wakaiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, kwa sababu hata aliyekuwa na pesa mkononi hakupata cha kununua. Baadaye yalikuja mahindi ya njano ya msaada. Tulisema ni chakula cha farasi, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona farasi, na tuliyala hivyo hivyo, mara moja kwa siku, jioni, ili tulale yakiwa bado tumboni. Baba alikuwa Mombasa akifanya kazi ya kupakua mizigo, na nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Mwende aliyenizidi miaka minne, na mama yetu, ambaye tulimwita Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyomwita mama.

Mwaitu alikuwa na sheria moja iliyozidi Amri Kumi kwa kukaziwa. Ukikuta watu wanakula, umeshiba.

Msidhani alikuwa na majivuno. Kijiji kizima kiliishi kwa sheria hiyo, na ilikuwa na utaratibu wake. Mwenye nyumba alilazimika kukukaribisha, maana kula huku mtu anakutazama ni uchoyo, na kwetu mchoyo na mchawi hawakuwa mbali sana. Wewe nawe ulilazimika kukataa. Alisema karibu, ukasema umetoka kula sasa hivi. Alikusihi tena, ukashika tumbo kuonyesha lilivyojaa. Hapo mambo yaliisha, na kila mtu alibaki na heshima yake. Wote wawili mlijua ni uongo. Siku moja nilikuwa kwa jirani yetu Mama Mutua alipoepua kunde. Nilikataa vizuri kama nilivyofundishwa, nikashika na tumbo, na tumbo lenyewe likanguruma mpaka paka akageuka kutazama. Mama Mutua, Mungu ambariki, alianza kukohoa kwa nguvu ili kulifunika.

Nilipowasimulia nyumbani, Mwende alicheka hadi akakaa chini. Mwaitu hakucheka. Alisema, "Yule ana watoto wengi na kibaba kimoja. Akikupa wewe, atamnyima nani?"

Nikiri kwamba mimi nilikuwa mtoto wa kukemewa. Mwende alikuwa mtoto wa kusifiwa. Alikuwa na shingo ndefu, sauti ya chini, na kumbukumbu ya mistari ya Biblia iliyowashangaza hata wazee wa kanisa. Sifa zilikuwa ndizo sukari yake. Mwaitu akimwambia "umefanya vizuri," alitembea siku nzima akiwa amenyooka kama aliyebeba mtungi kichwani. Mwaitu hakuwa mwepesi wa kusema hivyo, kwa hiyo Mwende alijitahidi sana.

Likizo ya Agosti ilipokaribia, ilitangazwa kanisani kwamba ndugu zetu wa milimani wamewaalika watoto wa tambarare kwenye kambi ya wiki moja, wajifunze Neno la Mungu pamoja na watoto wao. Mwaitu alituandikisha. Alifua nguo zetu kwa maji ambayo yangetosha kupikia, akatupaka mafuta mpaka miguuni, akatupeleka barabarani, ambako lori la kanisa lilikuwa linangoja. Kabla hatujapanda alitushika mabega.

"Mnaenda kwa watu," alisema. "Msinitie aibu. Chakula cha watu kinaonjwa, hakifagiliwi. Mwende, mwangalie mwenzako."

"Ndiyo, Mwaitu," Mwende alisema. Mimi nilikuwa tayari natafuta mahali pa kukaa.

Kilungu ilitushangaza. Lori lilipanda likizunguka zunguka, na kadiri lilivyopanda ndivyo dunia ilivyozidi kuwa kijani, mpaka tukaanza kuonyeshana migomba kwa vidole kama watu wanaoonyeshana wanyama. Kulikuwa na ukungu na baridi iliyopenya mbavuni. Watoto wa kule walivaa sweta na walikuwa na mashavu. Kanisa lilikuwa la matofali, lenye uwanja wa nyasi, na nyuma yake, chini ya paa la mabati, akina mama walikuwa wanapika kwenye sufuria kubwa. Harufu ilitupokea kabla ya watu. Ilikuwa ya mahindi meupe na maharagwe, na vitunguu, na mafuta yaliyoungua kidogo. Tuliteremka kwenye lori tukiwa tumenyamaza kimya, na nadhani wenyeji walidhani tuna adabu.

Mwalimu wetu aliitwa Dorcas. Alikuwa msichana wa hukohuko milimani, mwenye mwanya na kicheko cha karibu, na tulimpenda siku ya kwanza. Somo la wiki hiyo, alitwambia, lilikuwa kugawana chakula. Hakutaka tulisikie tu, alitaka tulitende. Kwa hiyo kila mtoto wa milimani aliwekwa na mtoto wa tambarare, na wawili wale walipewa sahani moja, iliyojaa mpaka juu. Kabla ya kutia mkono, ulitakiwa kuisogeza sahani kwa mwenzako na kusema, "Mwenzangu kwanza." Mwishoni mwa kila mlo mwalimu alipita akiuliza nani amempa mwenzake zaidi, naye huyo alibandikwa kifuani nyota ya karatasi ya kung'aa, iliyokatwa kutoka kwenye pakiti za majani chai. "Kutoa ni moyo, watoto," alisema, "si utajiri."

Mimi niliwekwa na mvulana aliyeitwa Kyalo. Kyalo alisema "mwenzangu kwanza" huku mdomo tayari umejaa. Niliikumbuka sheria ya Mwaitu muda wa tonge moja hivi. Nilipoonja yale mahindi, laini, yenye chumvi ya kutosha, sheria ilinitoka kama maji kwenye ungo. Tulikula kwa mashindano, vichwa vikigongana, na hakuna aliyetufikiria kwa habari ya nyota.

Mwende aliwekwa na msichana mnene mpole aliyeitwa Ndanu. Nilikuwa nimekaa kando yao siku hiyo ya kwanza, ndiyo maana niliona. Ndanu aliisogeza sahani. Mwende akaisogeza pia. Ndanu akala kidogo, akaisogeza tena. Mwende alichukua matonge matatu madogo, akayatafuna polepole, akasema ameshiba. Ndanu akamsihi. Mwende akashika tumbo.

Kwetu, mtu yeyote angeelewa. Hata Mama Mutua angekohoa. Lakini kule milimani, mtu akisema ameshiba, basi ameshiba, na Ndanu, ambaye hakuwa na hila yoyote, akamaliza chakula chote. Mwalimu Dorcas alipofika na kuuliza, Ndanu mwenyewe alinyoosha kidole: "Mwende amenipa karibu yote." Mwalimu alimsimamisha Mwende mbele ya watoto wote. Alisema hapa kuna mtoto aliyetoka mahali penye njaa, ambaye hakula kwanza, bali alimpa mwenzake. Tukapiga makofi. Alipobandikwa ile nyota, Mwende alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu. Aliona haya, akafurahi, na midomo ilikuwa imekauka.

Asubuhi kulikuwa na uji. Mwende akapata nyota. Mchana muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa na kuondolewa ganda, ambayo kwetu hayakuwa yamepikwa tangu sijui lini. Mwende akapata nyota. Ilifika mahali watoto wakawa wanamtazama yeye kabla ya kutazama sahani zao, waone leo atakula matonge mangapi. Wale wa milimani walisimulia habari zake kwa mama zao waliokuja kuleta ndizi. Ndanu wa watu alianza kulalamika. Alimwomba mwalimu abadilishiwe mwenzake, kwa kuwa amechoka kula chakula cha watu wawili na tumbo linamuuma. Mwalimu alicheka, akamwambia kumbe hata kupokea ni kazi.

Siku moja baada ya mlo wa mchana nilimkuta Mwende bombani, ameinama, anakunywa maji kwa mikono miwili. Alikunywa kwa muda mrefu sana. Kisha akakaa juu ya jiwe, akachomoa mfukoni ganda la chungwa, akaanza kulitafuna. Tulikuwa tumegawiwa machungwa asubuhi, na lake alikuwa amempa Ndanu.

"Mwende, kwa nini huli?"

"Nimeshiba."

"Hujashiba. Mimi si Mama Mutua."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Siku ya kwanza niliona tu haya," alisema. "Sasa nikianza kula kama wewe, watasema nyota zote nilizipata kwa uongo. Na Mwaitu ataambiwa."

"Nitamwambia mwalimu."

Alinifinya chini ya kwapa, mahali pale pale Mwaitu alipozoea kutufinya. Alifinya kwa nguvu kidogo sana. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nataka mjue hivyo, si kwa kujitetea, bali kwa sababu nimewasikia watu wakisema watoto hawaoni. Niliona, na nilikwenda. Mwalimu Dorcas alikuwa anakata nyota kwa mkasi. Nikamwambia, "Mwalimu, Mwende ana njaa." Aliuweka mkasi chini, akanipakata. Alisema anajua ni vigumu dada yangu akisifiwa kila siku na mimi sisifiwi, lakini nyota yangu nayo ingekuja, nisimwonee dada yangu wivu. Hata hivyo alikuwa mtu mwenye moyo, na jioni hiyo alimwita Mwende kando akamuuliza. Niliwaona. Niliona mwalimu anainama, na Mwende anatikisa kichwa, anatabasamu, anashika tumbo. Mwalimu akamshika shavu, akarudi akiwa ameridhika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, na si kwa sababu ni mbaya. Hana tu jinsi ya kumjua.

Jumapili ya kufunga kambi, Mwende aliitwa mbele ya kanisa lote. Alipewa zawadi ya sahani ya bati, nyeupe, yenye maua mekundu pembeni. Naiona mpaka leo na bado sijui nicheke au nilie: mtoto akapewa sahani kwa kuwa hakula. Akina mama walipiga vigelegele. Alipokuwa anarudi kukaa alishika ukingo wa benchi, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaketi. Kwenye lori alinilalia begani njia yote, ile sahani ikiwa imekumbatiwa kifuani. Nakumbuka kwamba nilijua anaumwa na bado nilikuwa na furaha, kwa sababu nilikuwa nimeshiba wiki nzima, na shibe hukaa mbele ya mambo mengine yote.

Mwaitu alitupokea barabarani. Mzee wa kanisa aliyetusindikiza alimwambia mbele za watu, "Mama, huyu mtoto wako ametuheshimisha sisi sote wa tambarare. Ameshinda wote kwa kugawana." Mwaitu aliichukua ile sahani, akaigeuza geuza. Akasema, "Mwende, umefanya vizuri." Akasema tena jioni, majirani walipokuja kuiona. Mwende alikaa karibu na moto akiwa amenyooka mgongo, macho makubwa yakimulikwa, na katika maisha yangu yote sijaona mtu mwenye furaha kuliko yeye jioni hiyo. Mwaitu hakuuliza ameshinda vipi. Alidhani ni adabu tu, ile ya kawaida aliyotufundisha, na kwamba mahali penye chakula, adabu ya mtoto ina mwisho wake.

Kabla ya mwezi kwisha surua iliingia kijijini. Ilitushika sote wawili kwa wakati mmoja, tukalala kwenye ngozi moja, macho yakitiririka na koo likiwaka. Mwaitu alitubeba kwa zamu hadi zahanati, mmoja mgongoni na mwingine akitembea. Mimi niliyekula, nilipona. Mwende alikuwa na mifupa tu ya kupigana nayo. Alikufa asubuhi moja ya upepo, Mwaitu akiwa anamnywesha uji kwa kijiko, na uji ule ulibaki kinywani.

Siwezi kuwaeleza vizuri siku zilizofuata kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa bado nina homa. Nakumbuka Baba alikuja kutoka Mombasa na viatu vyake vikiwa na vumbi, akakaa nje bila kuvua koti. Nakumbuka siku ya mazishi. Mwalimu Dorcas alisafiri kutoka Kilungu, mabasi mawili na mwendo wa miguu, macho yamevimba kwa kulia. Wazee walimwomba aseme neno.

Alizungumza kwa upendo. Alisema hajawahi kufundisha mtoto kama Mwende. Alitaka wazazi wafarijike, kwa hiyo alieleza kila kitu. Alisema wiki nzima ya kambi Mwende hakuwahi kumaliza hata nusu ya sahani yake. Alisema asubuhi alimpa mwenzake uji, mchana akampa chakula, hata chungwa alilopewa alilitoa. Akasema huyu mtoto alikuwa amekwisha kushiba kwa Neno, na sasa anakula mezani pa Bwana. Watu waliguna kwa kukubali.

Mwaitu alikuwa amekaa chini, kanga imemfunika kichwa. Aliinua kichwa polepole. Hakumtazama mwalimu. Alizungusha macho katikati ya watu mpaka akanipata mimi, akanitazama kama mtu aliyepotea anayeuliza njia. Nilikuwa na miaka saba. Nilitikisa kichwa kukubali, kwamba ndivyo ilivyokuwa, na nikaona uso wa mama yangu unaondoka.

Hakupiga mayowe. Baada ya maziko majirani walipakua kile kidogo walichokuwa wamechanga, kila nyumba gao lake, na Mama Mutua akaniletea bakuli. Palikuwa na wageni wengi. Nikafanya kama nilivyolelewa. Nikasema nimeshiba.

Mwaitu alikuwa mbali, hata sikujua amesikia. Alisimama, akavuka kundi la watu, akapiga magoti mbele yangu kwenye vumbi. "Usiseme hivyo tena," alisema. "Usimwambie mtu yeyote hivyo tena. Ukipewa chakula, kula." Akachota kwa mkono wake mwenyewe akanilisha, tonge baada ya tonge, mbele za watu wote, na mimi nilikula huku nalia na yeye analia, mpaka bakuli likawa tupu.

Tangu siku hiyo sheria ya nyumbani kwetu iligeuka. Hakuna aliyepita bila kula, na hakuna wa kwetu aliyeruhusiwa kukataa, hata kama majirani walituona walafi. Walituona hivyo, na wengine walisema. Mwaitu hakujali tena. Ile sahani ya maua mekundu haikuwekwa ukutani wala haikutupwa. Ilitumika kama sahani nyingine, ikapoteza rangi, ikatoboka, ikaishia kulishia kuku. Jina la Mwende tulilitaja mara chache. Habari ya kambi hatukuitaja hata mara moja, miaka mingi, mpaka nikaolewa na kupata watoto wangu.

Mimi nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa mambo ya kambi ile yalivyokuwa hasa. Mzee mmoja wa kanisa la Kilungu, tulipokutana kwenye mkutano wa injili, alinieleza bila kujua mimi ni nani. Alisema mwaka ule wa njaa walikuwa wamekaa wakajiuliza watawalishaje watoto wa tambarare bila kuwaaibisha wazazi wao. Ndipo wakapata shauri la kambi. Wakaiita ya Neno, ili mzazi asione anapewa sadaka. Na lile somo la kugawana lilipangwa kwa ajili ya watoto wao wenyewe, wajifunze kutusogezea sahani. Alilisimulia kwa furaha, na alikuwa na haki ya kufurahi. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya hema nikalia kama mtoto. Wao walificha wema wao ili wasituaibishe. Sisi tulificha njaa yetu ili tusiwalemee. Kila mmoja alikuwa na adabu, na katikati ya adabu zote hizo Mwende akakosa mtu wa kumwambia: kula, ni chako, kilipikwa kwa ajili yako.

Sikumwambia Mwaitu niliyoyasikia. Sikujua ningeanzia wapi.

Mwaka kabla hajafariki, nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amezeeka, macho yakiona kwa shida, lakini mikono bado ilikuwa na kazi. Tulikaa barazani asubuhi tukipukusa mbaazi. Alizungumza kuhusu mvua, kuhusu mbuzi aliyezaa pacha. Kisha akachota mbaazi nyingine, akaziweka kwenye ungo.

"Kanini."

"Naam, Mwaitu."

"Kule Kilungu." Hakuinua uso. "Chakula kilikuwa cha kutosha?"

Nilielewa papo hapo kwamba alikuwa amelibeba swali hilo tangu siku ya mazishi. Kama chakula kilikuwa haba, basi mtoto wake aliacha tonge lake ili mwingine apate, na hilo mama anaweza kuishi nalo. Kama kilikuwa tele, basi alikufa njaa bure, kwa ajili ya neno moja alilofundishwa nyumbani.

Na mimi nilikumbuka. Nilikumbuka akina mama wa Kilungu wakiita kutoka jikoni, nani anaongezwa, sufuria haijaisha. Nilikumbuka kila alasiri ndoo mbili za mabaki, mahindi na maharagwe mazuri kabisa, zikibebwa kuvuka uwanja kwenda kumwagiwa nguruwe wa jirani wa kanisa. Nilikumbuka Mwende amesimama bombani, anazitazama zikipita.

"Kilikuwa kidogo, Mwaitu," nikasema. "Hakikutosha. Asingeacha, kuna mtoto angekosa."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alishusha pumzi, ndefu, pumzi ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu nilipokuwa na miaka saba.

"Basi alifanya vizuri," akasema.

"Alifanya vizuri, Mwaitu."